Gita la Fundi na Bei ya Haki

Ni desturi ya wanadamu kuuliza bei kabla ya kuuliza kazi. Twaingia katika karakana ya fundi, twashika kitu alichokitengeneza, twakigeuza juu na chini, na neno la kwanza litokalo vinywani mwetu ni, "Kiasi gani?" Atajapo bei twaruka kama watu waliochomwa na moto, hata kama mioyoni mwetu twajua kuwa hakutaja nyingi. Hiyo ndiyo adabu ya sokoni, wala sina nia ya kuiondoa duniani. Biashara haigombi, na kupatana bei ni mazungumzo mema kati ya watu walio huru. Walakini yafaa mara moja katika maisha mtu asimame ajiulize: je, iko bei ya haki? Au bei ni kile tu ambacho mwenye nguvu aweza kumnyang'anya mnyonge kwa maneno matamu? Nataka tulifikiri swali hili pamoja, msomaji, nami nitalitazama kwa njia ya kitu kimoja, nacho ni gita lililotengenezwa kwa mikono.

Gita ni mgeni katika nchi zetu, lakini ni mgeni aliyepewa kiti. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis, akawarekodi wasichana waliokuwa wakimwimba "Chemirocha". Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyepiga gita, ambaye sauti yake ilikuwa imefika huko kwa santuri; nao walimwimba kwa kinubi cha kwao. Miaka miwili baadaye, mwaka 1952, Tracey huyo huyo alimrekodi Jean Bosco Mwenda katika mji wa Jadotville huko Kongo, ambao leo waitwa Likasi, na mpigo wa vidole vyake ukasikika mpaka Afrika ya Mashariki. Kwa wasichana wale wa Kapkatet gita lilikuwa sauti iliyofungwa katika santuri. Leo katika Nakuru lasikika kanisani, harusini na katika mabaraza ya mugithi, na kijana asiyetamani kulipiga ni nadra. Basi tusidhani kuwa twazungumza habari ya anasa ya watu wa mbali.

Zamani kidogo nilikuwa mwalimu katika shule moja isiyo mbali na Nakuru, na wanafunzi wangu walihitaji gita kwa ajili ya kwaya yao. Nilielekezwa kwa fundi mmoja, mtu mzima wa makamo, ambaye alitengeneza magita katika kibanda cha mabati pamoja na mwanagenzi wake. Alinisikiliza, akauliza nani atalipiga, mikono yake mikubwa au midogo, na litachezwa ndani au nje. Kisha akasema, "Mwalimu, gita hilo ni shilingi 32,000." Nilicheka. Nikamwambia kuwa dukani mjini nimeona gita jipya, linalong'aa, kwa theluthi ya fedha hizo. Nikamwambia ya kuwa shule ni maskini, na ya kuwa wazazi wengi watamwona akifanya kazi ya shule na watamletea kazi nyingine. Tulishindana mpaka jua likaanza kushuka nyuma ya milima ya Mau. Ilikuwa Januari, wakati ambapo ada za watoto zadaiwa, na niliona usoni mwake kuwa yeye pia alikuwa na watoto. Akakubali shilingi 15,000. Nilirudi nyumbani nikijisifu.

Gita lilikuwa zuri kwa macho, na kwa muda wa miezi miwili lilikuwa zuri kwa masikio pia. Mwezi wa tatu shingo yake ikaanza kupinda, nyuzi zikainuka hata vidole vya watoto visiweze kuzibana, na ufa mwembamba ukatokea usoni mwake, kutoka katika daraja la nyuzi mpaka chini. Nikalibeba kwa hasira, nikaenda kumwonyesha fundi. Hakukana. Alilitazama kitambo, akaingia ndani, akarudi na daftari.

Kabla sijakueleza yaliyokuwamo daftarini, msomaji, ni lazima ujue kidogo kazi ya gita ilivyo, maana asiyejua kazi hawezi kupima bei. Uso wa gita ni ubao mwembamba wenye unene wa milimita tatu hivi, na nyuzi sita za chuma zikikazwa huuvuta kwa nguvu ya kilo sabini au karibu na hapo. Ukiwa mnene mno, gita huwa bubu. Ukiwa mwembamba mno, hupasuka au hubonyea. Fundi huuranda akiugonga kwa kidole na kuusikiliza, kwa sababu hakuna mbao mbili zilizo sawa, na kipimo kilichofaa kwa ubao wa jana chaweza kuuharibu ubao wa leo. Kadhalika shingo: ikiwa urefu wa uzi ni milimita 650, kijiti cha kwanza cha chuma hukaa umbali wa milimita 36 na nusu kutoka mwanzo wa uzi, kijiti cha kumi na mbili hukaa katikati kabisa, na vingine hupangwa baina yao kwa hesabu isiyosamehe. Mtu akikosea kwa milimita moja tu, gita litasema uongo maisha yake yote. Na juu ya hayo yote, mbao hazina budi kukauka. Mbao mbichi hunywea, tena hunywea kwa upana kuliko kwa urefu, na katika mji kama Nakuru, ulio juu ya bahari kwa mita 1,850 hivi, wenye miezi ya upepo mkavu, mbao isiyokauka itapasuka tu. Hakuna gundi wala vanishi iwezayo kuizuia. Dawa yake ni miaka ya kungoja.

Sasa tazama daftari. Ukurasa ulikuwa na jina la shule yangu. Mbao zilizokauka, vigingi, nyuzi, gundi, msasa na vanishi: shilingi 9,000. Kodi ya kibanda, kunoa na kubadili zana, na posho ya mwanagenzi: 3,000. Kazi ya siku ishirini, kwa shilingi 1,000 kila siku: 20,000. Jumla 32,000. Hapakuwa na shilingi moja ya faida juu ya ujira wake. Chini yake alikuwa ameandika 15,000, fedha nilizompa. Ondoa vifaa na kodi, zabaki 3,000. Gawanya kwa siku ishirini, ujira wake ni shilingi 150 kwa siku, ambazo mchukuzi wa magunia sokoni asingezikubali. "Kwa hiyo, Mwalimu," alisema kwa upole, "mbao nilizokuwa nimekuwekea zilikaa darini miaka minne. Sikuweza kuzitumia kwa bei ile. Nilitumia za mwaka uliopita, na kazi ya siku ishirini niliifanya kwa siku kumi na mbili."

Mali bila daftari hupotea bila habari, wasema wahenga. Siku ile nilijifunza kuwa hata haki bila daftari hupotea bila habari. Nani alikuwa na kosa? Jibu jepesi ni kusema kwamba alikuwa fundi, kwa kuwa aliuza kitu kibovu. Jibu jingine jepesi ni kusema kwamba nilikuwa mimi, kwa kuwa nilimbana. Nakuomba usilikubali lolote mpaka tumeyapima yote.

Wako watu wasemao kuwa bei ya haki ni ile waliyopatana wawili kwa hiari zao, na zaidi ya hapo hapana neno. Rai hii ina ukweli ndani yake, kwa sababu bei ya kulazimishana ni wizi. Lakini hiari nayo ina viwango. Mtu akubaliye bei mwezi wa ada, huku mtoto wake amerudishwa nyumbani, amekubali kwa ulimi. Mapatano yaweza kuonyesha kuwa hakuna aliyeshikiwa kisu. Hayawezi peke yake kuonyesha kuwa hakuna aliyedhulumiwa.

Wengine husema kuwa bei ya haki ni hesabu ya kazi: siku ngapi, saa ngapi, jasho kiasi gani. Hii ni rai ya heshima, na daftari la fundi laiunga mkono. Walakini fikiri: fundi mvivu atumiaye siku arobaini kwa kazi ya siku ishirini, je, astahili maradufu? Na mwanagenzi aharibuye mbao tatu kabla ya kufaulu, mnunuzi azilipe zote? Hapana. Kazi yapasa kuhesabiwa, lakini ni kazi ya mtu mwenye ujuzi na bidii, wala si kila saa iliyopita.

Wengine huitazama mali yenyewe iliyotumika. Hao na wasikie habari ya Antonio de Torres, fundi wa Hispania aliyezaliwa mwaka 1817, ambaye umbo la gita la nyuzi laini lijulikanalo leo latokana naye kwa sehemu kubwa. Mwaka 1862 alitengeneza gita ambalo mbavu na mgongo wake vilikuwa vya karatasi ngumu. Uso peke yake ndio uliokuwa wa mbao njema. Alitaka kuonyesha kuwa roho ya gita imo katika uso wake na katika mkono uliouranda. Basi mbao za thamani hazitoshi kuwa kipimo cha bei.

Tena wako wasemao kuwa kitu chafaa bei yoyote ambayo mtu yu tayari kuitoa. Kiwanda kimoja cha Afrika ya Kusini kilitengeneza magita ya bei nafuu yaliyoitwa Gallotone Champion. Moja lilinunuliwa Uingereza kwa pauni chache mwaka 1957 kwa ajili ya kijana aitwaye John Lennon. Mwaka 1999 gita hilo hilo liliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni laki moja. Mbao zake hazikuwa zimeongezeka wala sauti yake haikuwa imetakata. Kilichoongezeka ni sifa ya mkono uliolishika. Sisemi kuwa aliyelinunua alitenda vibaya, maana fedha zilikuwa zake. Nasema tu kwamba bei hiyo haitufundishi lolote juu ya haki ya waliolitengeneza, kwa kuwa katika mnada ule wao hawakuwa na fungu.

Sasa twende kwa Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani, ambaye katika kitabu cha tano cha maadili yake alimfikiri mjenzi na mshona viatu. Nyumba moja ni viatu vingapi? Aliona kuwa pasipo ulinganifu baina ya kazi zao hapatakuwa na mabadilishano, na pasipo mabadilishano hapatakuwa na jumuiya. Neno hili la mwisho ndilo linipendezalo. Bei ni kamba iwafungayo watu wa mji mmoja. Mshona viatu akimpunja mjenzi leo, kesho hakuna atakayemjengea. Na mjenzi akimpunja mshona viatu, atatembea peku juu ya kuta alizozijenga.

Kwa hiyo nathubutu kukupa kipimo changu, nawe kipime kwa akili yako. Bei ya haki ni ile imwezeshayo fundi kutengeneza cha pili kwa ubora ule ule, na imwezeshayo mnunuzi kurudi bila manung'uniko. Bei ikishuka chini ya hapo, mnunuzi amekula mbegu. Huenda amepata gita moja kwa nafuu, lakini ameziondoa darini mbao za miaka minne, amempunguzia mwanagenzi posho mpaka akaikimbia kazi, na amemfundisha fundi kuharakisha. Haraka haraka haina baraka, lakini mara nyingi sisi wanunuzi ndio tuinunuayo haraka hiyo, kisha twashangaa baraka imekwenda wapi. Bei ikipanda juu ya hapo kwa sababu tu mnunuzi ni mgeni au mjinga, fundi naye amekula mbegu, kwa kuwa jina jema ndilo shamba lake.

Utaniuliza, "Je, maskini asiye na shilingi 32,000 asipige gita?" Ni swali la haki. Gita la kiwandani halina dhambi. Mashine hukata shingo mia kwa kipimo kimoja, na kwa ajili yake watoto wengi wamejifunza nyimbo ambazo wasingejifunza. Asiye na uwezo na alinunue bila haya. Kosa ni kwenda kwa fundi kutaka kazi ya mkono wake, vipimo vya vidole vyako na mbao alizozitunza, kisha kumlipa kwa bei ya mashine. Na kama fundi ataka kumsaidia maskini, ana hiari, lakini aseme wazi, "Bei yake ni hii, na fungu hili nimekupa." Zawadi iliyotajwa humheshimu mpokeaji na huilinda kazi. Zawadi iliyonyang'anywa kwa kubembeleza ni deni lisiloandikwa.

Nami sitamsamehe fundi wangu upesi mno. Thomas Aquinas, mwanachuoni wa karne ya 13, alifundisha kuwa muuzaji ajuaye aibu iliyofichika katika bidhaa yake hana budi kuisema. Fundi wangu alijua kuwa mbao zilikuwa changa, akanyamaza. Angaliweza kuniambia, "Mwalimu, kwa fedha hizi nitakutengenezea gita jingine, la mbao nyingine, nalo halina dhamana." Hapo ningalichagua kwa macho yaliyofumbuliwa. Nilipomwambia hivyo aliinamisha kichwa, akajibu, "Niliona aibu kukataa, kisha nikaona aibu kusema." Msomaji, mafundi wengi wema wameangukia hapo. Kukataa bei mbaya ni sehemu ya ufundi kama kunoa patasi. Ajishushaye mwenyewe huwashusha pia wenzake wa kazi, kwa kuwa mnunuzi atakwenda kwa fundi wa pili na kusema, "Fulani alinifanyia kwa nusu."

Husemwa kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Natamani ingekuwa hivyo sikuzote. Torres niliyemtaja, pamoja na sifa zake, aliiacha kazi ya magita kwa miaka kadhaa, akarudi kwao Almería akafungua duka la vyombo vya udongo wa kaure, kabla ya kuishika tena kazi yake na kuendelea nayo mpaka alipokufa mwaka 1892. Vyema vyake havikumlisha. Chema hujiuza kwa mtu ajuaye kutazama, na kutazama hufundishwa. Usipomfundisha mnunuzi kwa nini kazi yako ina bei hiyo, utakuwa yule mfinyanzi aliaye gaeni.

Liko fungu jingine ambalo daftari la fundi halikuliandika: fungu la mti. Mwezi wa Februari mwaka 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na maseremala wengi wa Bonde la Ufa waliona bei ya mbao ikiwapanda vichwani. Walilalamika, na ilikuwa haki yao. Lakini tukumbuke kuwa kabla ya hapo mbao zilikuwa rahisi kwa sehemu moja kwa sababu msitu haukulipwa. Mpingo, mti mweusi ufaao kwa uso wa shingo ya gita, huchukua miaka sabini au zaidi kukua. Na tangu Januari 2017 biashara yake kati ya nchi na nchi imewekewa masharti. Fundi avunaye mti uliopandwa na babu, asipopanda mwingine, anampunja mnunuzi ambaye hajazaliwa. Naye hawezi kuja sokoni kupatana bei.

Tulimalizaje mimi na fundi? Alikubali kuufungua uso wa gita na kuweka ubao mwingine kutoka darini, na kuitengeneza shingo upya. Nami nilikubali kulipa shilingi 17,000 zilizobaki kwa miezi minne. Wanafunzi walichangia kwa kuuza mboga za bustani yao, na mmoja wao aliuliza kwa nini twalipa mara mbili kitu kimoja. Nilimjibu kuwa hatulipi mara mbili. Tunamaliza kulipa mara ya kwanza. Sina hakika kuwa alinielewa siku ile. Baadaye nilimkuta kibandani kwa fundi siku ya Jumamosi, ameshika randa, akisikiliza ubao.

Nawe, kijana usomaye haya, siku moja utasimama upande mmoja wa meza hiyo: ama utauza kazi ya mikono yako, ama utainunua ya mwenzako. Ukiwa muuzaji, andika hesabu yako, sema aibu ya bidhaa yako, wala usione haya kutaja ujira wako. Ukiwa mnunuzi, uliza kazi kabla ya kuuliza bei; na ukiona bei imeshuka kupita kiasi, usikimbilie kufurahi. Uliza kwanza ni nani aliyelipa kilichobaki.